Kijiko, Baiskeli na Ukuta wa Bustani

Gari linapita katika mitaa ya Lyon. Kwenye kiti cha nyuma amekaa Luteni Fontaine, mfungwa wa Wajerumani, mkono wake ukipapasa taratibu kitasa cha mlango. Tramu inakatiza barabara, gari linapunguza mwendo, Fontaine anaruka. Waongozaji wengi wangeruka naye. Robert Bresson anaiacha kamera ndani ya gari, imekodolea kiti kitupu, na mfungwa wa pembeni hata shingo hageuzi. Tunachoambulia kwa macho ni kidogo sana. Sikio ndilo linalopewa habari: miguu inayokimbia, amri za Kijerumani, risasi. Muda si muda Fontaine anarudishwa na kusukumwa palepale alipokuwa.

Filamu hiyo ni Un condamné à mort s'est échappé, ya mwaka 1956, yaani mtu aliyehukumiwa kifo ametoroka. Jina limekwisha kutoboa siri, kwa hiyo hakuna haja ya kujiuliza kama atatoka. Swali lililobaki ni atatokaje, na Bresson analijibu kwa muda wa dakika mia moja hivi kana kwamba anaandika ripoti ya fundi. Kisa ni cha kweli. André Devigny, ofisa wa Kifaransa, alitoroka gereza la Montluc mjini Lyon mwaka 1943, na Bresson alipiga sehemu ya picha zake katika gereza hilohilo, Devigny akiwa mshauri. Bresson mwenyewe aliwahi kuwa mfungwa wa vita mikononi mwa Wajerumani. Aliyecheza Fontaine, François Leterrier, alikuwa mwanafunzi wa falsafa ambaye hakuwa na uzoefu wa uigizaji, na ndivyo Bresson alivyotaka, maana hakupenda uso unaomweleza mtazamaji mapema ahisi nini.

Mtoro ana kijiko cha chuma. Anakinoa kwenye sakafu hadi kiwe patasi, kisha anaanza kuchokonoa mlango wa mbao za mwaloni, mahali ambapo mbao zimeunganishwa kwa mti laini zaidi. Tunaona mikono, kijiko, vumbi la mbao likifagiliwa. Uso unaonekana, lakini hauna kazi kubwa. Kazi imeachiwa sauti, na hapa ndipo ninapotaka wanaosoma filamu kwa makini wakae kidogo. Sauti za Montluc ni chache, kila moja imetengwa na nyingine, na kila moja ina mwenyewe. Mlinzi anayepanda ngazi hukwaruza ufunguo wake kwenye vyuma vya ngazi. Nje kuna treni. Kuna kengele ya saa mjini. Kuna hodi za vidole ukutani kutoka kwa jirani. Hakuna uvumi wa jumla wa gereza unaozizungukia sauti hizi, ule ambao filamu nyingi humwaga ili mahali paonekane pana watu. Bresson ameufuta. Kwa kuwa ameufuta, ufunguo ukikwaruza chuma mara moja tu, wewe uliyeketi kitini unaacha kutafuna.

Na sauti ikishatambulika, picha haihitajiki tena. Baada ya robo ya filamu huhitaji kumwona mlinzi ili ujue yuko ghorofa gani. Bresson amekufundisha gereza kwa sikio, sawasawa na mfungwa anavyolijua, kwani mtu aliyefungiwa chumbani hana njia nyingine ya kulijua.

Juu ya hayo yote kuna sauti ya Fontaine mwenyewe akisimulia kwa wakati uliopita, mara nyingine akitaja jambo lilelile tunaloliona. Watu walioangalia filamu kwenye vibanda umiza, chini ya sauti za wasimulizi kama Lufufu, watadhani wanalijua jambo hili: msimulizi anazungumza juu ya picha. Lakini msimulizi wa kibandani huongeza chumvi, hutania, humpa adui jina la mtaani. Fontaine hupunguza. Anasema alifanya hivi, kisha tunamwona akifanya hivi, na jambo linapotajwa kwa mdomo kisha likaonekana bila nyongeza yoyote, jicho linaachana na kutafuta maana na kubaki na tendo lenyewe. Mwanzoni mbinu hiyo ilinichosha. Nilipoitazama tena niliona kwamba msimulizi ndiye anayeutuliza mdundo, hivi kwamba anaponyamaza tu, hatari ipo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye paa. Usiku wa kutoroka Fontaine yuko na Jost, kijana aliyetiwa chumbani mwake siku za mwisho. Paa limetandazwa changarawe na kila hatua inalia. Wanasubiri treni ipite ndipo wanyanyue mguu. Treni ambayo tumeisikia tangu mwanzo kama kelele ya nje tu, sasa ni chombo cha kazi kama kijiko. Mbele zaidi wanasikia mlio wa chuma kikavu unaokuja na kwenda, wasijue ni nini. Wanakaa nao muda mrefu. Hatimaye Fontaine anachungulia: ni askari wa doria anayezunguka ukuta kwa baiskeli isiyotiwa mafuta. Mtu mwingine angeanza na picha ya baiskeli. Bresson anatupa kwanza mlio usio na mwenyewe, mara ya pekee anapovunja utaratibu wake, na kwa sababu ameuvunja mara moja tu, mlio ule unatisha kuliko bunduki. Kuhusu mlinzi anayeuawa njiani, Fontaine anakata kona, kamera inabaki ukutani, basi. Anarudi, na kazi inaendelea.

Miaka 67 baadaye Jonathan Glazer alitoa The Zone of Interest. Ni filamu nyingine yenye ukuta, ila safari hii tuko upande wa walioujenga. Rudolf Höss, kamanda wa Auschwitz, anaishi na mkewe Hedwig na watoto wao katika nyumba ambayo ukuta wa bustani yake ndio ukuta wa kambi. Glazer na mpiga picha wake Łukasz Żal walitega kamera zisizopungua tano, wakati mwingine hadi kumi, ndani ya nyumba, bila mafundi chumbani na kwa mwanga wa asili, waigizaji wakiendelea na shughuli zao vyumba kadhaa kwa pamoja. Hatuonyeshwi mfungwa hata mmoja akiuawa. Tunaona maua, bwawa la watoto, nguo za manyoya zikijaribiwa mbele ya kioo.

Yaliyobaki ni kazi ya Johnnie Burn, aliyeshinda Oscar ya sauti pamoja na Tarn Willers mwaka 2024. Kabla ya kurekodi, Burn alikusanya jalada la kurasa 600 hivi: shuhuda, ramani, aina za bunduki, umbali kutoka kambini hadi bustanini. Sauti za kambi ziliwekwa baada ya picha kupigwa, kwa hiyo waigizaji hawakuwa wakijifanya hawasikii. Hapakuwa na cha kusikia. Chini ya kila kitu kuna mngurumo mzito wa tanuri usiokatika, na juu yake mbwa, risasi ya mbali, ukelele. Hii ni kinyume kabisa cha Bresson. Hapa sauti hazitengwi, hazina mwanzo wala mwisho, na mwenyewe hatumwoni.

Nikiitazama, mnamo nusu saa hivi nilijikuta nimeacha kuusikia ule mngurumo. Nadhani hiyo ndiyo hesabu ya Glazer. Sikio la binadamu hulizoea lisilobadilika, na Burn ametumia udhaifu huo kumkalisha mtazamaji kwenye kiti cha Hedwig. Fontaine anaokoka kwa sababu anasikiliza. Hawa wanaishi raha mustarehe kwa sababu wameacha kusikiliza. Kuna mtoto wa kiume anayecheza chumbani wakati nje sauti inaamuru mfungwa aliyegombania tufaha azamishwe mtoni. Mtoto anachungulia dirishani, anarudi kwenye mchezo wake na kusema kwa sauti ndogo kwamba asirudie tena. Bibi yake aliyekuja kuwatembelea yeye anashindwa, anaondoka usiku bila kuaga, na barua aliyoiacha Hedwig anaitupa kwenye jiko.

Ila nina ugomvi na Glazer. Kuna mahali kamera inasogelea maua moja baada ya jingine mpaka skrini yote inageuka nyekundu. Hapo aliliacha sikio na kulitafuta jicho, kwa rangi ambayo mtoto wa shule angeichagua. Bresson naye hakuwa safi: wafungwa wanapokwenda uani kumwaga ndoo za vinyesi, anaweka Misa ya Mozart katika C ndogo, na kwa dakika hiyo gereza linakuwa kanisa kwa lazima. Baadaye aliliona, maana filamu zake za mwisho karibu hazina kabisa muziki wa kusindikiza. Nikipima yote mawili, kazi ya Bresson ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa alikuwa na sauti chache mno na hakuna hata moja iliyokaa bure.

Ukizitafuta filamu hizi, usizitazame kwa spika ya simu. Ile ya Bresson itakupotezea mlio wa baiskeli, na ile ya Glazer utaona familia tu ikinywa chai bustanini, kwa sababu mngurumo wa tanuri uko chini mno kwa spika ndogo. Tafuta vipokea sauti vya masikioni, funga mlango, na uwaambie wa nyumbani wasikuite.