Mfalme Oedipus Darasani

Fasihi ya Wagiriki wa kale iliingia katika shule zetu kwa mlango wa Waingereza, na kwa sababu hiyo wapo waliotaka itoke pamoja nao. Hoja hiyo twaifahamu, lakini hatuikubali. Mwaka 1971 ilichapwa tafsiri ya Samuel Mushi ya tamthilia ya Sophocles, kwa jina la Mfalme Edipode. Tangu hapo mwanafunzi wetu hana lazima ya kupita kwa Mwingereza ili amfikie Mgiriki. Linalotusumbua sisi ni namna tamthilia hiyo inavyofundishwa.

Mara nyingi mwanafunzi huambiwa kwamba hii ni hadithi ya mtu aliyeandikiwa kumwua baba yake na kumwoa mama yake, akajaribu kukwepa, asiweze. Kisha huandika daftarini kwamba binadamu hashindani na majaliwa, na somo likaisha. Somo la namna hiyo linampunja. Kuua na kuoa kumekwisha kutendeka miaka mingi kabla mchezo haujaanza. Tena watazamaji wa Athens waliijua hadithi kabla ya kuketi, kama watoto wetu wajuavyo mapema kuwa sungura atamhadaa fisi. Hawakwenda kutazama nini kitatokea. Walikwenda kumtazama mtu akitafuta.

Basi na tuangalie Oedipus anatenda nini jukwaani. Mji wa Thebes umeingiwa na tauni. Jibu laletwa kutoka Delphi kwamba damu ya mfalme Laius haijalipwa, na muuaji angali nchini. Oedipus atangaza uchunguzi mbele ya raia, amlaani muuaji, asijue kuwa ajilaani nafsi yake. Tangu hapo kila mwenye kujua amwomba asiendelee. Tiresias, mwaguzi kipofu, akataa kusema. Jocasta, mkewe, akiisha kung'amua, amsihi aache kuuliza. Mchungaji mzee naye amsihi. Kila mara mfalme asonga mbele. Uaguzi wa Delphi aliopewa ujanani ulisema atamwua baba yake. Haukumwambia kwamba ni lazima aje kulijua jambo hilo. Kulijua ilikuwa kazi yake mwenyewe, na kazi hiyo ndiyo tamthilia.

Si kwamba ni mchunguzi mwema wakati wote. Anapoguswa yeye, mara amshuku shemeji yake Creon kuwa amekula njama na mwaguzi ili amnyang'anye kiti, wala hana ushahidi hata chembe. Sophocles aliyajua mambo haya ya utawala kwa karibu: mwaka 443 K.K. alikuwa miongoni mwa watunza hazina wa Athens na washirika wake, na miaka michache baadaye akachaguliwa jemadari pamoja na Pericles. (Wanaodhani kwamba mtumishi wa serikali hawezi kuwa mshairi wangefaa kulikumbuka hilo.)

Twawashauri walimu wasiisome tamthilia hii kimyakimya. Iliandikwa isikike mchana, nje, ikiwa na kundi la waimbaji lililocheza na kuimba kama wazee wa mji. Mwalimu awape wanafunzi kadhaa nafasi ya wazee hao, wasimame pamoja, wamwunge mkono mfalme, kisha waingiwe na shaka. Darasa litaona jinsi raia wanaompenda kiongozi wanavyoteseka ushahidi unapomgeukia.

Lakini lipo jambo moja ambalo hatupendi lifunikwe kwa sifa. Shahidi wa mwisho, yule mchungaji, ni mtumwa. Mwenyewe asema hakununuliwa, alilelewa katika nyumba ya mfalme. Anapokataa kujibu, Oedipus aamuru mikono ya mzee huyo ifungwe nyuma. Athens iliyojivunia utawala wa raia iliishi kwa jasho la watumwa, na hapa ukweli wa mfalme wakamuliwa katika mwili wa mmoja wao. Tumewasikia wahakiki wakiusifu ujasiri wa Oedipus katika tukio hilo wasimtaje mzee. Yeye ndiye aliyepewa kitoto kilichotobolewa vifundo vya miguu akitupe mlimani, akakihurumia, akampa mchungaji wa Korintho akilee. Mwanafunzi na aulizwe: katika mchezo mzima, ni nani mwingine aliyemhurumia mtoto huyo?