Okestra Isiyo na Wapiga Fidla: Uhakiki wa Albamu ya A Night at the Opera kwa Kigezo cha Ngoma za Kasulu na Kibondo

Albamu ya A Night at the Opera, iliyotolewa na kundi la Queen Novemba 1975, huainishwa kuwa roki ya progresivu yenye sura ya okestra. Uainishaji huo unastahili kuhojiwa, kwani hakuna okestra iliyoitwa studioni. Katika “Seaside Rendezvous”, Freddie Mercury na Roger Taylor waliigiza ala za kupuliza kwa vinywa vyao. Katika “Good Company”, gitaa la Brian May liliigiza bendi nzima ya jazi. Sehemu ya opera ya “Bohemian Rhapsody” ni sauti za watu hao watatu, zilizorekodiwa tabaka juu ya tabaka.

Wapo wanaoieleza albamu hii kwa asili ya Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946. Hoja hiyo ni dhaifu. Taarabu ya Unguja ina fidla na kanuni. Albamu haina ala hizo wala mahadhi yake.

Kigezo kifaacho zaidi kinapatikana bara, katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, ambako ngoma za Kirundi zimevuka mpaka pamoja na wakimbizi waliohifadhiwa Nyarugusu na Nduta. Katika ngoma hizo, zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2014, ala ni ya aina moja, bali kazi ni tatu: inkiranya huongoza, amashakwe hushikilia mdundo usiokatika, na ibishikizo huifuata inkiranya. Ukubwa wa sauti hutokana na mgawanyo huo. Vivyo hivyo, katika “The Prophet's Song”, sauti moja ya Mercury hucheleweshwa kwa utepe, ikajifuata na kujijibu yenyewe.

Hata hivyo, mlingano huu una kikomo. Mpiga ngoma akiondoka, pengo husikika papo hapo. Queen hawakuiimba sehemu ya opera mubashara. Walitoka jukwaani, utepe ukachezwa mbele ya hadhira.

Hivyo basi, ubora wa albamu umo katika kudhihirisha kwamba okestra ni mpangilio wa kazi kabla ya kuwa mkusanyiko wa ala. Upungufu wake ni kumweka mtu mmoja mahali pa wengi. Wapiga ngoma husikilizana, utepe hausikilizi. Mhakiki anayeusifu ukuu wa sauti hizo hana budi kuutaja na upungufu huo.