Mkono wa Odhiambo

Anayetaka kumfahamu Thomas Odhiambo, mtafiti wa wadudu aliyepitia Shule ya Maseno, Makerere na Cambridge, asianze na tuzo zake, wala na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha mwaka 1970. Aanze na shingo ya nzige.

Miaka ya 1960 Odhiambo alichunguza nzige dume wa jangwani, ambaye akikomaa hugeuka manjano na kuanza kuandama majike. Amri hiyo hutoka wapi? Nyuma ya ubongo, kandokando ya umio, kuna tezi mbili ndogo mno. Ili kuzitoa, nzige hulazwa, kichwa kikainamishwa mpaka ngozi laini ya shingo itanuke. Chini ya hadubini hupasuliwa mahali padogo, kisha kibano hupenya katikati ya mafuta na mirija ya hewa. Kikiteleza kidogo tu, neva imekatika na jaribio limeharibika. Tezi zikitoka salama, ngozi hurudishwa na mdudu huachwa aishi. Halafu mtafiti mwadilifu huwapasua nzige wengine vivyo hivyo bila kuzigusa tezi, asije akazisingizia yaliyoletwa na kisu. Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi wa kazi hii: anatuliza mkono uleule kwa upasuaji ambao anatarajia usibadilishe chochote.

Madume waliotolewa tezi hawakugeuka manjano, na hamu yao ya majike ilififia.

Jirani na tezi hizo kuna kiungo kingine kinachopokea neva kutoka ubongoni. Mwaka 1976 wanasayansi walibaini muundo wa peptidi inayotoka humo: mnyororo wa asidi amino 10 tu. Nzige akiwa angani, neva hukiamsha kiungo hicho, peptidi huingia kwenye damu, na mafuta yaliyowekwa akiba hutolewa kuyalisha mabawa. Mwaka mmoja kabla, Wakanada walikuwa wamebaini muundo wa proktolini, peptidi ya neva yenye asidi amino 5, baada ya kusindika mende zaidi ya laki moja. Mashine za leo zinatosheka na kidogo sana, lakini kidogo hicho bado hutolewa na mtu mwenye kibano.

Kituo cha ICIPE cha Mbita, ufukweni mwa ziwa, sasa kina jina la Odhiambo. Walimu wa biolojia wa Maseno, Kisumu na Mbita, panzi wamejaa kwenye nyasi za shule zenu. Wapeni wanafunzi kibano, lenzi na muda wa kutosha, na msiwaharakishe.