Merikani Haijumlishwi na Kaniki

Mpelelezi Stanley alipoondoka Bagamoyo Machi 1871 kwenda Tabora, hazina yake ilikuwa vichwani na mabegani mwa wapagazi: nguo za merikani na kaniki, shanga, na masango, yaani waya. Aliandika kwamba huko bara shanga zilishika nafasi ya senti za shaba, nguo nafasi ya fedha, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika masango nafasi ya dhahabu. Tena shanga nyekundu zilipokelewa Unyamwezi, nyeusi Ugogo; ukikosea, umebeba mzigo bure. Daftari la msafara wa namna hiyo haliwezi kuwa na jumla moja.

Ndiyo maana naipenda Ledger, programu ya uhasibu aliyoianzisha John Wiegley mwaka 2003. Hesabu zako hukaa kwenye faili la maandishi matupu, na bidhaa yoyote huwa sarafu kamili. Andika "C 1 doti = 2 shuka" nayo itajua kugeuza kipimo.

Ila uhodari ninaoustahi zaidi uko kwenye daraja lake la Python. Tuseme hongo zote, yaani ushuru wa kupita njiani, zimeandikwa katika msafara.dat:

import ledger
jumla = ledger.Balance()
for p in ledger.read_journal("msafara.dat").query("Hongo"):
    jumla += p.amount
print(jumla)

Jibu hutoka kwa mafungu: merikani kivyake, kaniki kivyake, masango kivyake. Tazama p.amount. Fundi mvivu angekukabidhi namba tupu, na kufika hapo jina la bidhaa lingekuwa limeshapotea. Watengenezaji wa Ledger wamevusha kiasi pamoja na bidhaa yake kutoka C++, lugha ya programu yenyewe, kwa kutumia Boost.Python. Jaribu kujumlisha merikani na kaniki bila Balance: programu inakataa, na inakwambia bidhaa ni tofauti. Kukataa huko ni kazi nzuri sana.

Gawanya doti 10 kwa 3, kisha zidisha kwa 3: unarudishiwa doti 10 kamili, maana ndani kiasi hutunzwa kama sehemu, hata kikichapishwa kwa desimali chache. Python yenyewe, kwa namba zake za kawaida za desimali, haikuahidi hivyo.

Ukitaka kujua nani alilipwa, p.xact.payee inakupa jina, na kuanzia hapo ni Python ya kila siku: panga hongo kwa mtemi, kwa kituo, kwa mwezi, na kila fungu bado lina nguo yake.