Lee-Enfield Iliyopasuliwa Ubavu

Bunduki ya kufundishia iliyokatwa madirisha ubavuni naipima kwa swali moja: bado inafanya kazi? Kupasua chuma si kazi ngumu. Ugumu uko katika kuifungua bunduki mpaka kuruta aone hadi ndani, huku kila kipande kikiendelea kusukuma, kukamata na kuachia kama zamani. Lee-Enfield ya Uingereza, ile Mark III ya mwaka 1907, ambayo askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, nao waliibeba, inampima fundi kwelikweli.

Dirisha lenye faida kubwa kuliko yote ni la magazini. Magazini hubeba risasi 10, zinazoshindiliwa kwa klipu mbili za risasi tano tano. Risasi ya .303 ina ukingo uliotokeza kwenye kitako cha ganda. Ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa ile ya chini yake, bolti inapoisukuma mbele hunasa hapo hapo. Mwalimu anaweza kulieleza hilo asubuhi nzima na bado wengine wasielewe. Lakini akitia risasi za mfano, zisizo na baruti wala fataki, na kuipanga moja vibaya makusudi, darasa zima litaona kinachokwamisha. Kwa hiyo mkato lazima ufike nyuma kabisa, kwenye vitako vya maganda. Mkato unaoishia katikati, kwenye springi na miili ya risasi, hupendeza macho tu.

Bolti inahitaji mkono mwepesi zaidi. Ndani yake mna pini ya kupigia iliyozungukwa na springi nene. Mauser 98 ya Ujerumani hujikoki mtu anapoinua mkono wa bolti; Lee-Enfield hukokiwa bolti inaposukumwa mbele. Mkia wa pini hunaswa, bolti yenyewe inaendelea na safari, na springi inabanwa katika hatua ya mwisho. Kupitia dirishani mkazo huo unaonekana wazi. Ila dirisha likiwa pana mno, springi iliyobanwa huchomoza na kukwaruza kingo. Madirisha mawili membamba, yenye daraja la chuma kati yake, naona ni bora kuliko moja refu. Kingo hulainishwa kwa tupa na msasa, kisha kwa kawaida hupakwa rangi nyekundu, ili mwanafunzi asidhani tundu la mkato lilitoka kiwandani.

Bolti hii hufungwa nyuma, si mbele kama ya Mauser. Upande wa kulia, mbavu yake ndefu huegemea bega la kiwiliwili cha bunduki. Kushoto, jino huingia kwenye nafasi yake. Fundi akilikata bega ameondoa somo lenyewe. Afungue kushoto, kidogo tu, jino lionekane likiingia.

Chemba hukatwa kwa sababu ya pili pia, nayo ni usalama. Ukuta ukishafunguliwa, bunduki imekoma kuwa silaha, na risasi hai isiikaribie kamwe, kwani ganda lisiloshikwa na ukuta litapasuka. Mtutu hauna mengi: mifereji 5 inayopinda kushoto, mzunguko mmoja kwa kila inchi 10. Dirisha fupi linatosha.

Kitako mafundi wengi hukipuuza. Ni kipande cha mbao kinachojitegemea, kimefungwa kwa skrubu ndefu inayopita ndani yake, na humo humo huwekwa kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia mtutu. Kwa mpangilio huo jeshi liliweza kutoa vitako vya urefu tofauti kulingana na maumbile ya askari. Lakini ncha ya skrubu ni ya mraba, nayo hujichomeka kwenye kibati kilicho ndani ya mbao ya mbele. Anayeizungusha kabla ya kuvua mbao hiyo huipasua. Dirisha la kitako lisipofika kwenye ncha hiyo, kuruta ataona skrubu na asijue kwa nini anakatazwa kuigusa.