Makumbusho ya Kitu Kimoja katika Jimbo la Derbyshire

Neno makumbusho limetokana na kitenzi kumbusha, na maana yake i wazi kwa kila msemaji wa lugha yetu: ni mahali pa kukumbusha. Lakini kukumbusha ni kazi ya watu wawili, mwenye kukumbusha na mwenye kukumbushwa, na yule wa kwanza ndiye achaguaye la kutaja na la kunyamazia. Kwa sababu hiyo jumba la makumbusho laweza kusomwa na kupimwa kama usomwavyo na kupimwa utenzi. Twauliza mtungaji ameteua nini, amepanga vipi, na ni nani aliyeachwa nje ya beti zake. Makala haya yanajaribu kuyasoma hivyo makumbusho matano ya jimbo moja la Uingereza, ambayo kila moja limeshika jambo lake na kuyaacha mengine.

Jimbo la Derbyshire lipo katikati ya Uingereza, mbali na bahari. Kaskazini yake ni nchi ya milima na mawe ya chokaa, kusini ni nchi tambarare, na mto Derwent hupita kutoka huko juu mpaka mji wa Derby. Katika eneo hilo watu wamechimba risasi tangu zama za Warumi, wamesokota hariri na pamba, wamepasua mawe, na wamekufa kwa tauni. Na karibu kila jambo katika hayo limewekewa nyumba yake ya ukumbusho. Makumbusho makubwa ya London hukusanya vitu vya kila nchi na kila zama, na mgeni hutoka humo macho yamechoka. Haya ya Derbyshire hayana wingi huo wa kujifichia. Kitu kimoja kikikosa kusema, nyumba nzima imenyamaza.

Mizani tutakayoitumia ina mambo matatu. La kwanza, je, kitu kinachoonyeshwa ni chenyewe, na mgeni aelewa namna kilivyofanya kazi? La pili, je, mpango wa vitu wamtoa mgeni kwenye kitu na kumfikisha kwa watu waliokitumia? La tatu, ambalo ndilo zito, je, jumba lataja gharama, yaani nani alilipa kwa jasho au kwa uhai wake ili kitu kile kiwepo?

Tuanze na risasi. Makumbusho ya wachimbaji yaliyofunguliwa mwaka 1978 katika kijiji cha Matlock Bath ni kazi ya chama cha watu wapendao historia ya machimbo. Kitu chao kikubwa ni mtambo ulioendeshwa kwa nguvu ya maji, ulioundwa mwaka 1819 kwa ajili ya kuvuta maji katika shimo la Wills Founder, nao ulitolewa chini ya ardhi na wanachama wenyewe. Adui mkubwa wa mchimbaji katika milima ile alikuwa maji, na mtambo huu uliyatumia maji kuyaondoa maji. Mgeni akisimama mbele ya chuma hicho kirefu huelewa mara moja shida na dawa yake. Kwa swali la kwanza, hapana lililo bora katika jimbo lote.

Kwa swali la pili, habari ya risasi ina utajiri ambao chuma peke yake hakiwezi kuueleza. Wachimbaji wa Derbyshire walikuwa na sheria zao. Mtu aliyegundua mkondo wa risasi aliweza kuuchimba hata katika ardhi ya mwingine bila kumwomba ruhusa mwenyewe, ila katika makaburi, bustani na barabara kuu; naye alilipa fungu la mapato kama kodi. Mashauri yao yalihukumiwa na baraza lao wenyewe, na katika mji wa Wirksworth bado kimetunzwa chombo cha shaba cha mwaka 1513 kilichokuwa kipimo cha halali cha risasi. Baraza hilo halijafutwa mpaka leo. Aisomaye sheria hiyo atafahamu kwamba mchimbaji hakuwa mtumishi tu wa tajiri. Alikuwa mtu mwenye haki, ingawa haki hiyo aliifuata kwa kutambaa gizani. Makumbusho yakimwonyesha mgeni mtambo bila ya kumwonyesha haki, yamempa nusu ya habari.

Kutoka risasi twende kwenye tramu, yaani magari ya abiria yaendayo juu ya reli katika barabara za mji. Mwaka 1948 watu wachache waliopenda magari hayo walinunua tramu moja ya mji wa Southampton kwa pauni 10, maana miji ya Uingereza ilikuwa ikiyatupa. Chama chao kiliundwa mwaka 1955, na mwaka 1959 kikapata mahali katika machimbo ya mawe ya Crich. Tramu ya kuvutwa na farasi ilianza kuchukua watu mwaka 1963, na ya umeme mwaka 1964. Leo yapo magari zaidi ya 60, na mgeni aingiapo hupewa peni ya zamani ya kumlipa utingo. Hapa kitu hakitazamwi tu: mtu hupanda, husikia kengele, na huhisi mtikisiko wa reli chini ya miguu yake.

Jambo hili ni jema sana, lakini mhakiki hana budi kusema lililobaki. Barabara ya Crich haikuwa barabara ya mji wowote. Imeundwa kwa vipande vya miji mingi. Hata uso wa jumba mojawapo umetoka Derby, katika ukumbi uliounguzwa na moto mwaka 1963. Kila kipande ni cha kweli, ila mji wenyewe ni wa kubuni, na katika mji huo hapana aliyechelewa kazini wala aliyekosa nauli. Swali kubwa ni hili: kwa nini miji ilizing'oa reli zake? Sheffield uliendesha tramu zake za mwisho mwezi wa Oktoba 1960; mwaka 1994 mji huohuo ukatandika reli mpya na kuanza tena. Chama cha Crich kiliyaokoa magari ambayo wakubwa wa miji waliyahukumu kuwa takataka, na muda usiotimia miaka 40 ukaonyesha kwamba hukumu ile ilikuwa ya haraka. Habari hiyo ndiyo moyo wa mahali pale, nayo yastahili kutangulizwa mbele ya furaha ya kupanda.

Kijiji cha Eyam kina makumbusho ya kifo. Mwisho wa kiangazi cha mwaka 1665 kitambaa kililetwa kutoka London kwa mshoni wa kijijini, na kwa mapokeo ya wenyeji kilikuwa na viroboto wa tauni. Msaidizi wa mshoni, George Viccars, alikufa mwezi wa Septemba, na maradhi yakaenea. Mwezi wa Juni 1666 padri William Mompesson, akisaidiwa na Thomas Stanley aliyekuwa padri kabla yake, aliwaomba watu wasitoke nje ya mipaka ya kijiji ili wasiwaambukize jirani. Chakula kililetwa mpakani, na fedha za kukilipia ziliachwa katika maji au siki. Yahesabiwa kwamba watu wapatao 260 walikufa kabla ya balaa kukoma katika Novemba 1666. Elizabeth Hancock aliwazika mumewe na watoto wake sita katika muda wa siku 8.

Msomaji wa pwani yetu hataona ajabu katika amri yenyewe, kwani mafundisho ya Kiislamu yanajulikana: nchi iliyopatwa na tauni, aliye nje asiingie, na aliye ndani asiikimbie. Yaliyotendeka Eyam yatamgusa kwa sababu ni utii wa watu wadogo katika jambo ambalo wengi hulisifu kwa mdomo. Makumbusho yaliyofunguliwa huko mwaka 1994 yameyashika majina ya waliokufa, jamaa baada ya jamaa, na kwa tendo hilo yamefaulu pale ambapo mitambo hushindwa. Takwimu humwambia mgeni kwamba wengi walikufa. Majina humfanya ahesabu mwenyewe, apate jina moja likirudiwa mara saba, kisha akae kimya.

Hata hivyo, kila habari ya ushujaa yahitaji kuulizwa. Kabla ya kijiji kufungwa Mompesson alikwisha wapeleka watoto wake wawili katika jimbo la Yorkshire. Mkewe Catherine alibaki naye, akafa mwezi wa Agosti. Wenye uwezo waliweza kuondoka mapema. Maskini angekwenda wapi, na ni nani angempokea? Yamkini kukaa kwao kulikuwa uteuzi kwa wengine na dharura kwa wengine. Kusema hivyo hakupunguzi heshima ya wafu wale. Kunawarudishia ubinadamu wao, maana aliyebaki kwa kukosa pa kwenda, naye akalinda mpaka, ameteseka sawasawa na aliyebaki kwa kiapo.

Sasa tufike kwenye nyuzi. Mjini Derby, mahali palipojengwa kiwanda cha hariri cha ndugu Lombe kilichokamilika mwaka 1721, mna makumbusho ya utengenezaji wa vitu yaliyofunguliwa mwaka 2021. Vitu vyake vingi vimepangwa kwa kufuata kilichoviumba, chuma kwa chuma na mti kwa mti, na juu ya vichwa vya wageni imeninginizwa injini kubwa ya ndege. Maili chache juu ya mto ndiko Cromford, ambako Richard Arkwright alijenga mwaka 1771 kiwanda cha kwanza cha kusokota pamba kwa nguvu ya maji. Mashine zilienda usiku na mchana kwa zamu za saa 12, na wengi waliozihudumia walikuwa watoto. Mwaka 2001 bonde hili la viwanda liliandikwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu.

Elimu iliyojenga viwanda hivi ilikuwa na miguu. John Lombe alikwenda Italia, akajifunza siri ya mashine za hariri, akarudi nayo Derby. Miaka mingi baadaye Derbyshire ililipwa kwa kipimo kilekile. Samuel Slater, kijana wa Belper aliyefundishwa kazi katika viwanda vya Jedediah Strutt, mshirika wa Arkwright, alivuka bahari mwaka 1789 akiwa ameichukua elimu hiyo kichwani, kwa kuwa sheria ilikataza kuitoa nchini. Katika Rhode Island akaanzisha usokotaji wa pamba kwa nguvu ya maji. Wamarekani humwita baba wa viwanda vyao, na nyumbani kwao aliitwa msaliti.

Hapa ndipo uzi wa Derwent unapotufikia sisi. Viwanda vya New England vilivyofuata nyayo za Slater vilifuma kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi, na merikebu za Salem zikakileta Unguja. Mapatano ya biashara kati ya Marekani na Sultani Said bin Sultan yalitiwa sahihi mwaka 1833. Watu wa pwani walikiita kitambaa kile merikani. Kilivaliwa, kilibebwa na misafara, kikawa fedha ya bara ya kununulia pembe na watu. Pamba yake ilikuwa imelimwa na watumwa wa Marekani ya kusini, kama pamba ya Arkwright, ambayo sehemu yake kubwa ilitoka katika mashamba ya watumwa ya visiwa vya Karibiani na Brazil. Mtumwa alilima pamba upande mmoja wa dunia, na upande wa pili mtu aliuzwa kwa kitambaa cha pamba ileile.

Je, makumbusho ya bonde yayasema haya? Kwa muda mrefu yalisimulia gurudumu, mto na werevu wa Arkwright, ambaye alikufa mwaka 1792 akiwa tajiri mwenye cheo. Katika miaka ya karibuni wasomi, pamoja na wenyeji wenye asili ya Karibiani, wamelisukuma swali la watumwa mpaka ndani ya maelezo ya bonde. Ni mwanzo mwema. Lakini katika mizani yetu Cromford ndilo jumba lenye deni kubwa kuliko yote, kwa kuwa kitu chake ndicho kilichokwenda mbali kuliko vyote. Eyam ilizuia madhara yake mpakani kwa jiwe na siki. Cromford haikuwa na mpaka.

Wako watakaopinga kwamba tumeyadai makumbusho madogo mzigo usio wake. Watasema kwamba tramu ni tramu, na mtu aliyejitolea siku zake za mapumziko kupaka rangi gari kuukuu hana kesi na mtu. Hoja hii ina haki yake. Bila ya watu hao Crich ingekuwa shimo la mawe, na mtambo wa Wills Founder ungeoza ndani ya maji. Twawashukuru. Lakini kukitunza kitu ni kazi moja na kukieleza ni kazi nyingine. Na kadiri kitu kilivyo kimoja, ndivyo ilivyo rahisi kukifuata mpaka kwa wote waliokigusa. Hiyo ndiyo faida ya jumba dogo juu ya kubwa, na aliyenayo asiiache.

Hukumu yetu basi ni hii. Matlock Bath yashinda kwa kitu, Crich kwa uhai wa kitu, Eyam kwa majina ya watu. Derby na Cromford zina habari kubwa kuliko zote, nazo bado zinaisimulia kwa sauti ndogo. Mwanafunzi atakayepata safari ya huko na aende na maswali matatu tuliyoyataja, aanze Cromford. Asiyepata safari anayo kazi iliyo karibu zaidi. Neno merikani limo katika kamusi zetu, nasi twalisoma kama jina la kitambaa tu. Na alifuate neno hilo, kutoka dukani Unguja mpaka Salem, kutoka Salem mpaka Belper, aandike ni nani aliyelipa katika kila kituo.