Boti Mbili Zilivyovuka Mitumba

Tarehe 5 Agosti 1915, boti mbili za vita zilifika kwa treni Fungurume, mahali ambapo reli ya Katanga ilikuwa imekomea. Ziliitwa Mimi na Toutou. Zilitengenezwa Uingereza na Thornycroft, zikapanda meli hadi Cape Town, kisha treni hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Kamanda wake, Geoffrey Spicer-Simson, alitumwa kwenda kupambana na meli za Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Mbele yake kulikuwa na kilomita 235 za pori na milima ya Mitumba hadi Sankisia, ambako kireli kifupi kiliteremka Bukama, kwenye mto Lualaba.

Fundi yeyote atauliza kwa nini boti hazikufumuliwa. Meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilifumuliwa Papenburg, ikasafirishwa katika makasha yapatayo 5,000 na kuungwa upya Kigoma. Lakini ile ilikuwa ya chuma: bolti zikitolewa, bamba hubaki bamba. Mimi na Toutou zilikuwa za mbao za mahogani, nyembamba, zenye urefu wa mita 12, na kila moja ilikuwa na injini mbili za petroli za nguvu za farasi 100. Kila injini ina shafti yake inayotoboa sakafu ya boti hadi kwenye rafadha. Shafti ikipinda kidogo tu dhidi ya injini, boti hutetemeka, beringi huliwa na maji huanza kupenya. Ukiufumua mwili wa namna hiyo porini, utaupanga tena kwa kipimo gani? Kwa maoni yangu, kuzibeba zikiwa nzima ulikuwa uamuzi bora kuliko yote ya safari ile.

Uamuzi huo ulihamishia kazi yote barabarani. Boti zililazwa kwenye vitanda vya mbao juu ya magari ya magurudumu, zikavutwa na matrekta mawili ya mvuke pamoja na makundi ya maksai. Njia ilichaguliwa na John Lee, mwindaji aliyeijua nchi. Miti ilikatwa, mawe yakang'olewa, na madaraja ya magogo zaidi ya 100 yakajengwa. Waliofanya kazi hiyo walikuwa Waafrika kwa mamia, na majina yao hayamo katika vitabu vilivyomsifu kamanda. Boila za matrekta zilikunywa maji mengi kuliko vijito vya kiangazi vilivyoweza kutoa, kwa hiyo wanawake wa vijiji vya njiani wakayabeba kwa vyungu vichwani. Bila wao matrekta yangesimama.

Penye mwinuko mkali, trekta halikutosha. Hapo kamba ilifungwa kwenye gari la boti, ikapitishwa kwenye kapi lililofungwa mtini upande wa juu, kisha ikarudishwa chini kwa maksai. Maksai wakateremka, boti ikapanda. Kapi la mtini haliongezi nguvu, hugeuza tu upande wa mvuto. Lakini faida ilikuwa kubwa, kwa sababu mnyama anayeteremka huongeza uzito wake kwenye kamba, tena hahitaji nafasi ya kusimama kule juu penye mawe. Mwezi Septemba boti zilifika kwenye kilele cha njia, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kuteremka kulitaka uangalifu zaidi, maana sasa mzigo wenyewe ndio uliotaka kukimbia.

Tarehe 28 Septemba zilifika Sankisia. Haraka yote ilikuwa ya kuwahi kabla mvua hazijageuza udongo kuwa tope. Lakini kiangazi kilichoikausha barabara ndicho kilichoupunguza Lualaba. Kutoka Bukama boti zilikwama mchangani mara kwa mara, na ikabidi zifungiwe mapipa matupu ubavuni ili ziinuke majini. Kuanzia Kabalo zilipanda treni tena hadi karibu na ziwa, mwishoni mwa Oktoba.

Ziliteremshwa ziwani siku chache kabla ya Krismasi. Tarehe 26 Desemba boti zile zile, zenye miili ambayo haikufumuliwa tangu Uingereza, ziliifukuzia meli ya Wajerumani, Kingani, na kuikamata. Reli kutoka Fungurume ilifika Bukama mwaka 1918, ikipitia Tenke, na mzigo wa kwenda Lualaba haukuhitaji tena kuvutwa na maksai juu ya Mitumba.